Boti ya Kuwekewa

Walipoanza kumwaga lami kwenye barabara ya kutoka Makuyuni kupanda hadi lango la Ngorongoro, Karatu nzima ilifurahi. Watu waliacha biashara zao wakasimama kando kuangalia mapipa yakichemka, na watoto wakawa wanakimbiza moshi. Mimi nilifunga duka langu la vitenge mapema, nikaenda kujilaza kichwa kikinigonga. Jirani yangu alinifuata akidhani ni malaria. Nikamwambia ni harufu ya lami tu. Akacheka sana, akasema, "Mama mzima unasusia maendeleo!" Ningeanzia wapi kumweleza? Kwake yeye lami ni barabara. Kwangu mimi lami ni baba yangu amelala chali chini ya boti, jasho linamwingia machoni, anaziba nyufa kwa katani na lami ya moto, akihudumia mali ambayo hakuna aliyemwomba aihudumie.

Boti Karatu? Najua mtauliza. Ninyi wenzangu mliokulia huku juu kwenye baridi, kwenye ngano na kahawa, mnalijua Ziwa Eyasi kama mstari mweupe unaoonekana kule chini siku ya hewa safi. Sisi tuliishi kwenye huo mstari. Mwaka wa mvua ni ziwa kweli, lina kambale na perege, na viboko wanaokula mashamba ya watu. Mwaka wa ukame maji yanaondoka bila kuaga na kubaki uwanja wa magadi unaochoma macho, na mtu analivuka kwa baiskeli.

Boti ililetwa huko na mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa upande wa Oldeani. Watu walimwita Bwana Kofia, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona nywele zake. Aliinunua Mwanza, ikaja juu ya lori, ikivunja matawi ya miti njia nzima. Ilikuwa ya mbao za mvule, ndefu kuliko lori lenyewe lililoibeba, ina kibanda chenye madirisha ya kioo na injini ya dizeli tumboni. Ubavuni, karibu na pua, palikuwa na jina la mke wake, GRETA, kwa herufi zilizochongwa ndani ya mbao halafu zikapakwa rangi nyeupe. Alikuwa akiitumia ziwani kuwinda bata na kupumzika. Baba yangu, Bura, aliyekuwa dereva wa trekta shambani kwake, ndiye aliyefundishwa kuiwasha na kuiendesha, na ndiyo maana familia yetu ilihamishwa kutoka Oldeani ikapewa kibanda cha bati pale ufukweni.

Mashamba ya wazungu yalipoanza kuchukuliwa, Bwana Kofia hakungoja zamu yake. Nilikuwa mdogo, lakini siku aliyokuja kuaga naiona. Mkewe hakushuka kwenye gari. Bwana Kofia mwenyewe alitembea hadi kwenye boti, akaipapasa mbao kwa kiganja, akaingia ndani akatoka na hendeli ya kuwashia injini. Akaja akamwekea Baba mkononi, akamfunga vidole juu yake. Hakusema neno. Alikuwa analia, jambo ambalo sikujua kama wazungu wanaliweza. Kisha akaondoka, na vumbi la gari likakaa hewani muda mrefu.

Mtu mwingine angesema, nimepewa boti. Lakini baba yangu alikuwa Mwiraqw wa Ganako, na huko mtu mwenye ng'ombe wengi hawafugi wote zizi moja. Mmoja anamweka kwa fulani Kansay, mwingine kwa fulani Mbulu, ili ugonjwa ukija usimmalize. Hakuna maneno mengi. Unamkabidhi mwenzako kamba mkononi, basi, amewekewa. Anakunywa maziwa, anatumia samadi, na akimtunza vizuri, siku moja mwenye mali humpa ndama jike awe wake. Lakini yule ng'ombe hawi wake hata akizeekea zizini kwake. Kumuuza ng'ombe wa kuwekewa, au kusema tu kwa mdomo kwamba ni wako, ni aibu ambayo wajukuu wako watatupiwa usoni siku ya kuposa.

Kwa hiyo Baba aliporudi nyumbani na ile hendeli alimwambia Mama, "Bwana Kofia ameniwekea boti."

"Mpaka lini?" Mama aliuliza.

"Mpaka atakaporudi."

Mimi nilisikia yote hayo nikayameza mazimamazima. Kama boti ni ng'ombe wa kuwekewa, basi itazaa, na kiboti kitakachozaliwa kitakuwa chetu. Kila asubuhi nilikuwa naingia chini ya turubai kuangalia. Siku moja Baba aliiwasha baada ya kukaa sana, ikakohoa, ikatetemeka mbao zote, nikakimbia nyumbani nikipiga kelele kwamba sasa inazaa. Mama alicheka hadi akakaa chini. Namkumbuka akicheka namna ile mara chache sana kule ziwani, na haikupita muda mrefu kicheko kikamwisha.

Miaka ya maji tuliishi vizuri, lazima niseme ukweli. Waliokuwa wakivua walikuwa wengi wao watu wa upande wa Singida, Wanyisanzu na Wanyiramba waliokuja kulima vitunguu Mang'ola, wakaona ziwa nalo linalipa. Baba aliwapeleka mbali walikoshindwa kufika na mitumbwi yao, nao wakamkatia samaki. Hayo ndiyo yalikuwa maziwa yake. Walimtania kila siku, na kwao Mwiraqw ni Mmbulu. "Mmbulu nahodha!" alisema mmoja wao, mzee Saidi, kila alipopanda. "Haya, kesho tutasikia kambale anachunga mbuzi." Baba alitabasamu tu. Alikuwa na fahari yake. Alitaka ifike siku Bwana Kofia ashuke kwenye gari, aikute boti yake nzima, injini inaitika, na watu wote waone kwamba Bura mwana wa Ganako aliwekewa mali akaitunza. Hakuna kitu kingine alichokitaka duniani kwa kiasi hicho, na hiyo ndiyo iliyokuwa balaa yetu.

Mvua moja ikaja na mbu wake, na mdogo wangu Danieli akashikwa na homa. Njia ya kupanda Karatu ilikuwa imekatika kwa matope. Baba alimbeba mgongoni, akafika nusu ya njia, akarudi naye akiwa amekwisha nyamaza. Tulimzika kwenye kilima kidogo juu ya magadi, mahali ambapo hata ziwa likijaa halifiki.

Matanga yalipokwisha Mama alimwambia, "Bura, turudi Ganako. Shamba la baba yako lipo, baridi ipo, mbu hakuna. Huyu mwingine nitamzika wapi?" Alinishika bega aliposema huyu mwingine.

"Nikiondoka, hii nani ataiangalia?" Baba alisema. "Siwezi kuacha ng'ombe wa watu porini."

"Ng'ombe wa watu! Na mtoto wa Bura alikuwa wa nani?"

Baba aliinuka. Alitoka nje akawasha moto chini ya debe la lami. Nilimchukia siku ile, na nilimchukia kwa muda mrefu, ingawa kila alipoita nilikwenda kumshikia katani.

Kisha ikaja operesheni ya serikali ya kukusanya watu vijijini. Watu wakapangwa mistari, tukapata mwenyekiti, tukapata ghala, na siku moja asubuhi tukaitwa wote kwenye ghala la vitunguu kuhusu boti. Huyo Mwenyekiti, nitamtendea haki, hakumjia Baba kwa ubaya. Alikuwa amekula samaki wa Baba mara nyingi. Alisimama akasema, "Ndugu Bura, mali ya mkoloni sasa ni mali ya umma. Lakini mali ya mwananchi ni ya mwananchi, kijiji hakina ugomvi nayo. Wewe ndiye tunayekuona nayo miaka yote. Tuambie mbele ya watu hawa, boti hii ni yako?"

Mlango ulikuwa wazi kiasi hicho, hata mimi mtoto niliuona. Mzee Saidi alimwashiria Baba kwa kichwa akubali. Mama, aliyekuwa amekaa nyuma yake na wanawake, alimwambia kwa Kiiraqw, taratibu, aseme ndiyo, aseme tu.

Baba alivua kofia yake. "Si yangu," akasema. "Nimewekewa."

"Na nani?"

"Bwana Kofia."

Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti alingoja kitulie. "Yuko wapi huyo Bwana Kofia?"

"Kwao."

"Asiyekuwepo na lake halipo," Mwenyekiti akasema, na ghala zima likapiga makofi. Mama alijifunika uso kwa khanga.

"Sawa," Baba alisema, bado amesimama. "Chukueni. Lakini mtunzaji ana haki yake. Nipeni ndama wangu."

Alimaanisha chochote kile, wavu, zamu yake ya kuvua, hata kazi ya kuiendesha ile boti kwa ajili ya kijiji. Wairaqw waliokuwepo walimwelewa, wakainamisha vichwa. Wengine walicheka zaidi ya mwanzo. Mimi sikucheka wala sikuinama. Niliamini kwamba boti ilikuwa imezaa kweli, na hawa watu wamemficha ndama wetu ndani ya lile ghala. Nilizunguka nyuma yake siku nyingi nikichungulia kwenye nyufa.

Jina la GRETA likapakwa rangi ya kijani, juu yake wakaandika UMOJA. Uendeshaji akapewa kijana mmoja aliyejua kuvaa miwani ya jua kuliko kujua injini. Ninyi wa rika langu mnaikumbuka miaka ile, sukari ya foleni, sabuni ya kukatiana vipande. Dizeli nayo ilikuwa ya kusikia redioni. UMOJA ilitoka mara chache, ikarudi ikivutwa na mitumbwi, halafu ziwa lenyewe likachoka na mambo yetu likarudi nyuma. Boti ikabaki kwenye magadi imeinama upande mmoja, mbuzi wanalala ndani, mbao zinapasuka kwa jua. Baba alikuwa bado anakwenda jioni kufunga turubai lililofunguliwa na upepo, hadi mgambo akamfukuza. "Mzee, unatafuta nini kwenye mali ya umma?" Mgambo mwenyewe alikuwa amekaa juu ya ile mali ya umma, anakula muwa.

Mara hatukusikia tena habari za umma. Boti ilikuwa ya Bwana Hilari, mfanyabiashara wa Karatu mjini aliyekuwa shemeji yake Mwenyekiti. Safari hii hapakuwa na mkutano wala makofi. Alikuja na lori na mafundi, wakaing'oa injini, ikapelekwa Karatu kuwa mashine ya kusaga. Wiki iliyofuata mafundi wakarudi na misumeno. Mvule ule haukuwa na wa kulinganishwa nao, na Bwana Hilari alikuwa anajenga baa kando ya barabara ya watalii, alitaka kaunta.

Siku ya kupasua boti Baba alichana nywele, akavaa shati lake la kanisani, akanishika mkono tukaenda. Alisimama mbali kidogo hadi walipofika kwenye pua, akawaomba ule ubao mmoja wenye herufi. Rangi ya kijani ilikuwa imebanduka, GRETA ikawa inasomeka chini yake. Fundi alidhani ni kwa ajili ya kuni. "Chukua, mzee," akasema, "unapikia wiki nzima huo."

Njiani nilimuuliza tunaupeleka wapi.

"Ng'ombe wa kuwekewa akifa," Baba alisema, "mwenyewe hupelekewa ngozi. Ngozi yenye alama yake. Ili aone kwamba hukumuuza, kwamba kweli amekufa."

Ndipo tukarudi Ganako, sasa hapakuwa na kitu cha kulinda. Lakini huko nako tulikuta baba zangu wadogo wamegawana shamba la babu, na hawakuwa na makosa, wangejuaje kwamba mtu aliyehamia ziwani atarudi? Tulibakishiwa kipande cha mteremko kinacholiwa na korongo kila masika. Baba aliuweka ubao juu ya dari, akaufunika kwa gunia, na kila kiangazi aliushusha akaupaka mafuta ya ng'ombe usipasuke. Mama aliupita kama mtu anavyompita mke mwenza.

Mashine ya karibu ya kusaga ilikuwa ile ya Bwana Hilari. Baba aliijua sauti yake. Kikohozi kile kile, upepo ukivuma vizuri kilitufikia hadi shambani, naye jembe lake linasimama. Unga ukiletwa alikula akiangalia chini. Jioni moja alisukuma sahani, akasema hana njaa. Mama akairudisha mbele yake. "Kula," akamwambia. "Hayo ndiyo maziwa yako."

Nilikuwa nimekwisha ingia sekondari, niko likizo, kijana mmoja wa Ganako aliyekuwa dereva wa watalii alipotuletea habari. Kuna mzungu mzee sana yuko kwenye hoteli kule ukingoni mwa kreta, anazunguka Oldeani kuuliza nyumba zilizobomoka, anataja majina ya watu waliokufa. Katika waliobaki hai, jina alilotaja ni la Bura. Baba hakupata usingizi usiku ule. Asubuhi alivaa, akaufunga ubao kwenye shuka, tukapanda gari la mboga lililokuwa linapeleka kabichi hotelini. Mama alisimama mlangoni kututazama. Hakututakia safari njema, lakini alimkung'utia Baba vumbi mabegani.

Ukungu ulikuwa mzito juu kule. Askari wa getini alitungojesha kwenye maua hadi mzee akatoka, kichwa wazi, upara mtupu, akitembelea fimbo. Sikumjua. Baba alimjua, naye akamjua Baba.

"Bura!" akasema, akamshika mikono yote miwili. "Bado hai! Mimi fikiri wewe kufa zamani."

Baba hakutaka kukaa. Alisimama wima akaanza kutoa hesabu ya mali kama inavyotolewa. "Bwana, nimekuja kukuletea habari ya boti yako. Imekufa." Akaeleza yote kwa mpangilio, alivyoitunza, jinsi kijiji kilivyoichukua, injini iko kwa nani, mbao ziko wapi. Hakumtukana mtu. Hakumtaja Danieli. Kisha akafungua shuka. "Hii ndiyo ngozi yake."

Mzungu alisikiliza amekunja uso, kama mtu anayetafuta njia kwenye ukungu ule. "Lakini Bura," akasema, "kwa nini ambia mimi? Ile boti mimi napa wewe. Siku ile ya kwenda. Mimi napa hendeli, si ndiyo? Mkononi."

"Ulinipa hendeli."

"Sasa? Zawadi yako. Boti yako kabisa. Mimi taweza fanya nini na boti kule Ulaya?" Akacheka, cheko la upole, halikuwa na ubaya wowote. Halafu macho yake yakaangukia herufi, akaacha kucheka. Alizipitisha kidole moja moja. Alituambia mkewe alikwisha fariki. "Hii naomba," akasema. "Tafadhali. Kumbukumbu."

Baba alimpa kwa mikono miwili, akainama kidogo, kama ipasavyo.

Tulisimama nje ya geti kungoja gari la kurudi. Maji ya ukungu yalikuwa yanamtiririka Baba kwenye nyusi na hakuyafuta. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba sikujua nimkasirikie nani, mzungu, Mwenyekiti, au huyu mzee aliyesimama pembeni yangu na shuka tupu.

"Paskalina," akasema, "siku ile ghalani, waliniuliza nini?"

"Walikuuliza kama boti ni yako."

"Nikajibu nini?"

"Ukasema si yako, Baba."

Alitikisa kichwa polepole. "Basi nilisema uongo," akasema. "Mbele ya watu wote."

Nilimwambia hakujua. Nilimwambia kwamba hakuna mtu anayeweza kumlaumu kwa jambo asilolijua. Aliniacha niseme hadi nikamaliza, kisha gari likaja.

Tulifika nyumbani Mama akisonga ugali. Hakugeuka. "Amepokea?" akauliza.

"Amepokea," Baba akasema.

"Akasemaje?"

Niliona kinywa cha baba yangu kikifunguka, kikafungika, kikafunguka tena.

"Ameshukuru."

Mama aliacha mwiko ndani ya sufuria. Alikaa kwenye kigoda chake, akajifuta uso kwa ncha ya khanga, na nilipomwangalia niliona kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu tulipotoka ziwani, mabega yake yameshuka. "Basi," akasema. "Basi mwanangu hakufa bure. Tulimtunzia mtu mali yake, na mtu ameshukuru."

Baba alinitazama mimi, hakumtazama yeye. Kisha akanawa mikono, akavuta sahani, akala ugali wake wote.